Kidudu wiki moja, kinga wiki tatu: juu ya nini samaki wa kufuga wanakufa Kivu

Mfugaji anafika asubuhi kwenye kiziba chake, anakuta samaki kumi wanaelea. Kesho yake wanafika arobaini. Siku ya tatu hahesabu tena. Alevini, ni kusema watoto wa samaki, aliwanunua mwezi haujaisha, na walikuwa wazima, wanachezacheza ndani ya mfuko. Sasa jirani anasema ni sumu. Mwingine anasema muuzaji ni mwizi. Pesa ya minervali ya watoto imekwenda na maji, na wakati mwingine urafiki wa miaka mingi unakwenda nayo.

Mara nyingi hakuna sumu wala mwizi. Kuna vidudu vidogo ambavyo jicho halivioni vizuri, na kuna kinga ya samaki ambayo haikupewa muda wa kufanya kazi yake. Kwa wafugaji wa Kivu ya Kusini, Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuelewa mambo haya mawili kunaweza kuokoa mavuno, hata pale ambapo hakuna dawa wala daktari wa samaki.

Kazi inakua, ukaguzi haukui

Kufuga samaki si jambo jipya Kongo. Katika miaka ya 1940 na 1950 serkali ya wakoloni ilisukuma watu wachimbe viziba vya tilapia, na kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi ya leo, kilikuwa kinafanya utafiti na kufundisha. Kisha ikaja miaka ya shida na vita, na viziba vingi vikajaa nyasi.

Leo kazi hiyo imerudi. Wakaaji wa mabonde wanachimba viziba. Wale wa kandokando ya ziwa Kivu wanaweka vizimba vya nyavu ndani ya maji, wengine wanaviita kaji. Sababu inaonekana sokoni: sambaza haitoshi watu wote, na tilapia ya frigo inatoka mbali. Familia ikipata samaki wake mwenyewe, inakula na inauza.

Lakini kiziba kinaanza na alevini, na alevini wanatoka kwa mtu mwingine. Wengine wanatoka kijiji cha pili, wengine ng'ambo ya mpaka. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na biashara kati ya majirani inatafutiwa njia nyepesi zaidi. Mfuko wa plastiki wenye maji na oksijeni unapanda pikipiki au mtumbwi, unafika. Ni nani anafungua ule mfuko kuangalia mashavu ya samaki? Mara nyingi ni mnunuzi peke yake, na hana mikroskopi.

Vita vimezidisha pengo hilo. Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na huduma nyingi za serkali zikavurugika. Wenye elimu ya maji na samaki wako mkoani: kuna kituo cha utafiti cha Lwiro kule Kabare, na kituo cha hydrobiolojia cha Uvira. Ila safari kati ya kiziba cha kijijini na meza ya maabara ni ndefu, na samaki mgonjwa hangoji. Kwa hiyo kinga ya kwanza, na kwa wengi kinga ya pekee, ni ile samaki anayo ndani ya mwili wake.

Kidudu chenye watoto wengi

Mfano unaosaidia kuelewa ni kidudu cha madoa meupe. Wataalamu wanakiita Ichthyophthirius multifiliis, na lile neno la pili ni Kilatini, linamaanisha mwenye watoto wengi. Kinajulikana duniani kote kwa samaki wa maji yasiyo na chumvi.

Kinaishi hivi. Kinatoboa ngozi au shavu la samaki, kinaingia chini yake na kula. Kinanenepa mpaka kuonekana kama chembe ya chumvi, karibu milimita moja. Kikishiba kinatoka, kinaanguka chini ya kiziba, kinajifunga ndani ya ganda laini na kuanza kujigawa. Kimoja kinaweza kutoa mamia ya watoto, hata kukaribia elfu. Hao wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja mbili, wanakufa.

Katika maji ya nyuzi 24 au 25, mzunguko wote unaisha chini ya wiki moja. Katika ziwa kubwa, watoto wengi wa kidudu hawampati samaki, wanakufa. Katika kiziba au kaji ambamo samaki wamesongana, karibu kila mmoja anapata pa kuingia. Ndiyo maana kidudu ambacho mtoni kinamsumbua samaki kidogo tu, ndani ya kiziba kinaua.

Haviko peke yake vidudu vya aina hiyo. Kuna Trichodina, mviringo kama sahani ndogo, inayozunguka juu ya ngozi. Kuna minyoo midogo sana yenye kulabu inayoshika mashavu ya tilapia. Kuna pia minyoo inayopitia kwa konokono na ndege: ndege anaangusha mayai na mavi yake ndani ya maji, konokono anabeba, kisha samaki anaingiliwa.

Samaki anajitetea namna gani

Watu wengi wanafikiri samaki hana kinga sawa vile mtu au ng'ombe. Si kweli. Samaki wako na kinga, tena ya tabaka mbili.

Tabaka la kwanza ni ute. Ule utelezi unaofanya samaki aponyoke mkononi si uchafu. Ndani yake kuna vitu vinavyoua mikrobi, na ute wenyewe unabanduka kila wakati ukiondoka na vidudu. Chini ya ute kuna ngozi yenye chembe za ulinzi zinazokimbilia pale palipotobolewa. Kinga hii iko tayari tangu samaki ni mdogo, lakini haichagui wala haikumbuki. Vidudu vikiwa vingi, inazidiwa.

Tabaka la pili linajifunza. Samaki hana uboho wa mifupa unaotengeneza chembe za damu kama mtu. Kazi hiyo inafanywa zaidi na sehemu ya mbele ya figo lake, likisaidiwa na wengu. Pale mwili unatengeneza kingamwili, ni kusema vitu vya kumkamata adui mmoja anayejulikana. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani samaki ana aina moja tu kubwa ya kingamwili, inayokaa zaidi katika damu. Mwaka 2005 ikatambuliwa aina ingine, na kisha ikaonekana kwamba hiyo ndiyo inalinda hasa tumbo, mashavu na ngozi, pale penyewe vidudu vinapopiga hodi.

Majaribio juu ya kidudu cha madoa meupe yameonyesha jambo la ajabu kidogo. Samaki aliyepona anabaki na kinga kwa miezi mingi. Kidudu kikijaribu kumwingia tena, kingamwili za ute zinakikamata vile vinyweleo vyake vya kuogelea, kinashindwa kusogea. Hata kile kilichokwisha kuingia chini ya ngozi kinalazimika kutoka kabla ya kushiba.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye muda. Kinga hiyo ya kujifunza inahitaji karibu wiki tatu ili iwe na nguvu ya kutosha, na maji yakiwa ya baridi inachelewa zaidi. Kidudu kinahitaji chini ya wiki moja. Kabla samaki hajamaliza kujifunza, adui amekwisha kuzaa mara tatu. Wakianza vidudu vichache, samaki anashinda mbio. Wakianza vingi, anakufa akiwa bado anajifunza.

Hapo ndipo ule ugomvi wa muuzaji na mnunuzi unapata maelezo. Samaki wa muuzaji walikwisha kuumwa zamani, wakapona, wako na kinga. Wanaonekana wazima kabisa, na bado wanaweza kubeba vidudu vichache. Wakitiwa katika kiziba chenye samaki ambao hawajakutana na kidudu hicho, wenyeji ndio wanaanza kufa. Inatokea pia kinyume: wageni hawajui vidudu vya pale, wanakufa wao. Katika hali zote mbili muuzaji anaweza kuapa kwamba aliuza samaki wazima, na akawa anasema kweli.

Nini inavunja kinga

Safari ndiyo adui wa kwanza. Samaki aliyefukuzwa na wavu, akashikwa mkononi, akatikiswa saa nyingi juu ya pikipiki, mwili wake unajaa homoni ya woga na uchovu. Homoni hiyo inamsaidia kwa dakika chache kukimbia hatari, lakini ikikaa siku nyingi inapunguza chembe za ulinzi katika damu. Na wavu mkavu au mkono mkavu unampangusa ute. Kwa hiyo alevini anafika kwenye maji mapya akiwa hana tabaka la kwanza, na la pili limelala.

Baridi ni adui wa pili. Tilapia ni samaki wa maji ya joto. Katika milima ya Walungu, Masisi au Lubero, maji ya kiziba yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20, hasa usiku. Pale tilapia anakula kidogo, anakua polepole, na kinga yake pia inakwenda polepole. Kidudu cha madoa meupe nacho kinapunguza mwendo, lakini hakiachi kazi.

Adui wa tatu ni hewa kidogo. Kiziba kilichojaa mbolea au chakula kilichooza kinakosa oksijeni kabla ya jua kutoka. Ziwani pia inatokea: mwishoni mwa 2022, upande wa Kenya wa ziwa Victoria, tilapia wengi sana walikufa ndani ya vizimba, na wataalamu wa pale walisema ni maji yenye oksijeni kidogo yaliyopanda kutoka chini. Ziwa Kivu ni ziwa ambalo kina chake hakina oksijeni kabisa na kimejaa gazi. Mwenye kaji anapaswa kuchagua mahali kwa uangalifu. Samaki asiyekufa siku ya hewa mbaya anabaki amechoka, na vidudu vinapata nafasi.

Na adui wa nne ni njaa. Kutengeneza kingamwili kunadai protini. Samaki anayelishwa pumba ya mchele na majani ya muhogo peke yake anaishi, lakini akiba yake ni ndogo. Vilevile mwili wa tilapia hautengenezi vitamini C ya kutosha. Chakula cha gunia kilichokaa miezi kwenye joto na unyevu kinapoteza vitamini hiyo, na vidonda vinachelewa kupona. Mwenye kiziba chenye maji ya kijani kizuri ana bahati, juu ule ukijani wenyewe ni chakula.

Mlango ukiisha kufunguliwa

Mara nyingi kidudu si ndicho kinamaliza samaki. Kinatoboa, kisha mikrobi inapita kwenye tundu. Majaribio yaliyofanywa Marekani juu ya tilapia yalionyesha kwamba samaki wenye minyoo ya ngozi wanakufa zaidi wakikutana na mikrobi ya Streptococcus kuliko wale wasio na minyoo. Jaribio lingine likaonyesha kwamba tilapia waliochanjwa dhidi ya mikrobi hiyo walilindwa vibaya zaidi walipokuwa wamejaa vidudu.

Hili lina maana kwa wale wanaotafuta suluhisho dukani. Antibiotiki haiui kidudu cha madoa meupe. Na dawa za majini zinaua tu wale watoto wanaoogelea. Kile kilicho chini ya ngozi kimejificha, ndiyo maana matibabu yanarudiwa mara kadhaa. Rangi ya kijani inayoitwa malakiti inaua vidudu vizuri, lakini imekatazwa Ulaya na Marekani kwa samaki wa kuliwa, juu inabaki ndani ya nyama na inashukiwa kuleta kansa. Chanjo ya kidudu hicho bado haijafika sokoni.

Samaki anayejulikana na asiyejulikana

Norwe, inchi tajiri kwa mafuta na samaki, iliwahi kulipa bei kubwa kwa kosa hili. Katika miaka ya 1970 mnyoo mdogo wa ngozi, Gyrodactylus salaris, uliingia pale pamoja na samoni hai kutoka upande wa bahari ya Baltiki. Samoni wa Baltiki wengi wanaubeba bila shida kubwa, miili yao inauzuia. Samoni wa Norwe hawakuwa wameujua hata siku moja. Wadogo wao wakafa mto baada ya mto, na serkali ikafikia kutia sumu mito mizima ili kuua samaki wote na mnyoo pamoja nao, kisha ianze upya.

Kongo ina ushahidi wake pia. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2020, wataalamu walichunguza mashavu ya samaki wa bonde la Kongo waliohifadhiwa tangu zamani kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, kabla ya tilapia ya Nile kuletwa katika maji yale. Wakalinganisha na samaki wa siku hizi. Minyoo ya tilapia ya Nile ilikuwa imehamia kwa samaki wa asili. Tilapia alihama na vidudu vyake, hakuna mtu aliyeona.

Kwa mashariki, ramani yenyewe inaogopesha. Maji ya ziwa Kivu yanashuka kwa mto Ruzizi hadi ziwa Tanganyika, na Tanganyika ina mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kinga ya samaki hao haijawahi kusoma sura ya vidudu vinavyoletwa ndani ya mifuko. Wavuvi wa Uvira, Fizi na Kalemie wana haki ya kuuliza nini kinatiwa katika maji ya juu.

Kile kinachowezekana leo

Hatua ya kwanza ni kujua kifo kinafanana na nini. Samaki wakikufa wengi alfajiri moja, wakubwa wakitangulia, midomo ikiwa juu ya maji, fikiria hewa. Wakikufa mara moja pamoja na vyura na wadudu wa majini, hapo sumu inaweza kushukiwa. Wakianza wachache na kuongezeka siku kwa siku, wakijisugua kwenye kingo, wakiwa na madoa au ute mzito, wakikusanyika pale maji yanapoingia na kukataa chakula, fikiria vidudu kabla ya kumshitaki jirani.

Hatua ya pili ni zile wiki tatu. Alevini wapya wakae peke yao, katika kiziba kidogo kilicho chini ya vingine, si juu yake, ili maji yao yasiwapitie wenyeji. Kwa muda huo wanapumzika, wanakula vizuri, kinga inaamka, na kama wana ugonjwa unaonekana. Wakifika, mfuko uelee ndani ya maji mapya kama nusu saa kabla ya kufunguliwa. Wavu uloweshwe maji kabla ya kuwagusa, na wavu wa kiziba kimoja ukauke juani kabla ya kuingia kingine.

Chumvi ya jikoni inasaidia kwa vidudu vya juu ya ngozi. Tilapia anavumilia gramu 10 ndani ya kila litre ya maji, kwa dakika 10 hadi 30, mtu akiwa pale anaangalia. Samaki akilala ubavu, anatolewa mara moja. Jaribu kwanza kwa wachache. Baada ya mavuno, kiziba kikauke na kutiwa chokaa, nyasi za kingo zikatwe ili konokono wakose makao. Waliokufa wazikwe, wasitupwe mtoni wala wasipelekwe sokoni. Kwa mlaji, kidudu cha madoa meupe hakimwingii mtu, na samaki aliyeiva vizuri hana hofu.

Hatua ya tatu haimhusu mfugaji peke yake. Cheti cha mifugo kwenye mpaka kipo kwa ng'ombe na mbuzi. Kwa mfuko wa alevini, mara nyingi hakuna anayekiuliza. Wenye mamlaka, popote walipo leo, na mashirika yanayogawa alevini bure katika miradi yao, wanapaswa kujibu maswali matatu: samaki hawa wametoka maji gani, nani aliangalia mashavu yao, na walikaa peke yao siku ngapi? Mradi unaogawa maelfu ya alevini bila majibu hayo unaweza kugawa na ugonjwa, kisha ripoti ikasema watu walisaidiwa.

Ushirika wa wafugaji unaweza kuanza bila kungoja. Mikroskopi moja ya shule kwa viziba vyote vya bonde inatosha kuona Trichodina na minyoo ya mashavu. Mahali pamoja pa kuzalisha alevini wa kienyeji panapunguza haja ya kununua mbali. Na makubaliano ya kuandikwa kati ya muuzaji na mnunuzi, kwamba samaki wanaangaliwa pamoja kwa wiki tatu kabla ya deni kuisha, yangeondoa kesi nyingi kwa machifu.